Sikio la Injini

Mwaka wa 2017, nikiwa mwaka wa pili chuoni, mhadhiri wetu wa somo la istilahi alitupa kazi iliyoonekana nyepesi. Kila mwanafunzi achague kazi moja ya mikono, akakae na watu wa kazi hiyo, kisha arejee na maneno 50 na maana zake. Wenzangu walichagua uvuvi, useremala, ususi na mapishi. Mimi sikwenda mbali. Baba yangu ni fundi wa magari Kariobangi Light Industries, mwendo wa miguu kutoka nyumbani kwetu Umoja, na nilidhani maneno yake nilikuwa nimeyazoea tangu utotoni.

Neno la kwanza nililoandika daftarini lilikuwa "kunoki", na kabla sijaliandika lilikuwa limekwisha kuigharimu familia yetu shilingi 12,000.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mjomba wangu alikuwa na Toyota Probox aliyobebea mboga alfajiri, kutoka soko la Wakulima, ambalo sote twaliita Marigiti, hadi Umoja na Kayole. Sehemu ya faida ya mboga hizo ndiyo iliyokuwa karo yangu. Siku moja taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Gari likalegea, likawa halipandi kilima ila kwa kusukumwa na dua, na likanywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani. Mjomba hakulileta kwa Baba. Alimwambia Mama, nami nikiwapo, "Shemeji ni mtu wa kabureta. Hii ni ya kompyuta." Akalipeleka katika gereji moja mjini yenye mashine ya kusomea misimbo ya hitilafu.

Mashine ilitoa msimbo P0325. Kijana aliyeishika akasema, "Ni ya noki, mzee."

Msomaji asiyekulia Eastlands hawezi kujua uzito wa kauli hiyo. Katika mitaa yetu, gari likinoki limekufa. Hatusemi limenoki kwa maana ya kwamba linatoa mlio fulani. Tunasema limenoki kama tunavyosema mtu ameaga. Mjomba aliona mbele yake injini nyingine ya mtumba kutoka Japani, aliona deni, na nadhani aliniona mimi nikirudi nyumbani kutoka chuoni na sanduku langu. Alipoambiwa kwamba inatosha kubadilisha "sensa" peke yake, alilipa kwa shukrani na bila kuuliza swali. (Nilipoandika neno hilo daftarini nilicheka pweke yangu. Kwetu sisi wa darasani sensa ni kuhesabu watu.) Baada ya siku mbili taa ikawaka tena, na gari likawa legevu vilevile.

Jioni hiyo nilimwuliza Baba maana ya kunoki, kwa ajili ya daftari langu tu. Alinawa mikono kwanza, kama afanyavyo akitaka kusema jambo kwa utaratibu, kisha akasema kwamba watu wameyatia magonjwa matatu katika jina moja. Kuna mlio mzito wa beringi zilizolika chini kabisa ya injini, go, go, go. Huo ndio unaoua, na ndio ulioleta neno la mitaani. Kuna mlio mwepesi wa vali zisizorekebishwa, tiki-tiki-tiki, ambao hukera masikio tu kwa muda mrefu kabla ya kudhuru. Na kuna wa tatu, unaosikika dereva akikanyaga mafuta kwenye kilima, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Huo wa tatu ndio unaosikilizwa na kile kihisi alichouziwa Mjomba.

Nimelazimika kusoma vitabu vya watu wa uhandisi ili niuelewe mlio huo wa tatu, na naomba nieleze kwa maneno machache. Ndani ya silinda, pistoni hupanda na kukandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli. Plagi hutoa cheche kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa sababu moto unahitaji muda kuenea, na tunataka nguvu ya mwako ifike kilele mara tu pistoni inapoanza kushuka. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, yenye silinda nne huhitaji cheche 100 kila sekunde, na digrii 10 za mzunguko hupita katika muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Cheche ikichelewa, sehemu ya joto hutokea kwenye ekzosi bila kufanya kazi: gari hulegea na kunywa. Cheche ikiwahi mno, mgandamizo na joto huzidi, na ule mchanganyiko ulio pembeni, ambao moto wa plagi haujaufikia, hujilipua wenyewe kwa pamoja. Mawimbi ya mshindo hugonga kuta za silinda. Hizo ndizo kokoto. Zikiendelea, huvunja ringi na hata kutoboa pistoni, na hapo maana ya mtaani na maana ya vitabu hukutana.

Zamani kazi ya kuweka wakati wa cheche ilikuwa ya masikio. Nikiwa mdogo nilimwona Baba akiifanya kwenye Peugeot 504 na Datsun 1200 zilizokuwa bado zikihangaika barabarani. Alilegeza boliti ya distribyuta, akaizungusha kidogo kwa kiganja huku injini ikinguruma, akakaza nusu, akamwambia mwenye gari waende. Walipanda kilima kwa gia kubwa, mguu ukikanyaga hadi chini. Zikisikika kokoto, walisimama, Baba akairudisha distribyuta nyuma kwa upana wa ukucha. Zisiposikika, aliisogeza mbele. Alitaka zisikike kidogo, mara moja, kisha zinyamaze. Hapo ndipo gari lilipokuwa na nguvu zake zote. Akiwa na shaka, aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku ya injini na mpini wake sikioni, akafumba macho. Wateja walitoka hadi Dandora na Buruburu kuja kutafuta sikio hilo. Sijasikia akisifiwa kwa jambo jingine lolote, na hakuna sifa aliyoihitaji zaidi.

Petroli nayo ilimsaidia siku hizo. Tangu mwaka 1921, Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors huko Marekani alipogundua kwamba risasi iliyochanganywa katika petroli huzuia kugonga huku, dunia nzima ilichoma risasi na kuivuta puani. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimeiacha. Mwezi wa Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri, upande wa pili wa jiji letu, lilitangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho iliyobaki, ilikuwa imekomesha uuzaji wake. Ni habari njema kwa watoto wa dunia. Ila injini za leo hukandamiza mchanganyiko kuliko za zamani, ile ya Probox ya Mjomba kwa uwiano wa 10.5 kwa 1, na hazina risasi ya kuzituliza. Zinahitaji msikilizaji asiyesinzia.

Msikilizaji huyo ni kidude kidogo tu, kilichofungwa kwa boliti kwenye bloku. Ndani yake mna kipande cha fuwele au kauri ya aina ambayo ikibanwa au kutikiswa hutoa umeme. Kokoto za injini hulia kwa mitetemo ya takriban 5,000 hadi 8,000 kwa sekunde, kutegemea upana wa silinda, na kihisi huigeuza mitetemo hiyo kuwa umeme mdogo uendao kwenye kompyuta. Kompyuta haisikilizi wakati wote. Hutega sikio muda mfupi tu baada ya kila cheche, wakati ambapo kugonga kunaweza kutokea, na hupuuza makelele mengine. Ikisikia kokoto, huchelewesha cheche kwa digrii chache. Zikinyamaza, huanza kuiwahisha tena polepole mpaka zisikike, kisha hurudi nyuma.

Nilipomaliza kusoma hayo nilifunga kitabu. Ni distribyuta na upana wa ukucha, neno kwa neno.

Mjomba alilileta gari kwa Baba siku ya Jumamosi, bila maneno mengi. Nilikuwa nimeutafuta ule msimbo katika maktaba ya chuo. Herufi P huonyesha kwamba hitilafu iko katika injini au gia. 0 huonyesha kwamba msimbo ni wa pamoja kwa watengenezaji wote, chini ya utaratibu uliolazimishwa kwa magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996. 3 hutaja upande wa cheche na mwako. Nikamsomea Baba maelezo yenyewe, nikiyafasiri nilivyoweza: hitilafu katika saketi ya kihisi cha kugonga.

"Rudia," alisema, akinitazama mdomoni.

Nikarudia.

"Basi haisemi injini inagonga."

"Haisemi, Baba."

"Inasema sikio halileti habari. Hii gari haigongi, mama. Hii gari haisikii."

(Baba huniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mamake. Na wasomaji wa jarida hili watanivumilia. Ngeli zake nimeziacha kama zilivyotoka kinywani.)

Hapo kila kitu kikanyooka. Injini nzima haikosi mtetemo hata isipogonga, hivyo kompyuta hutarajia kupata vumi fulani kutoka kwa kihisi muda wote. Ikikuta kimya kabisa, haifurahi. Huandika P0325 na kuwasha taa. Na kwa kuwa sasa haijui kama kokoto zipo au hazipo, huchelewesha cheche mpaka kikomo cha usalama, kama mtu aliyezibwa masikio anayevuka barabara ya Jogoo kwa hatua za kinyonga. Ndiyo sababu gari lililegea. Lilikuwa linajilinda dhidi ya ugonjwa ambao halikuwa nao.

Kihisi cha injini hiyo kimejificha chini ya manifoldi ya hewa, mahali pasipoingia mkono kwa urahisi. Baba alikigusa, akakikuta kipya kweli. Yule kijana hakuiba. Kisha akaufuata waya kwa vidole, taratibu, hadi kwenye kona alipopakuta pameguguna. Panya wa Marigiti hupenda joto la injini iliyozimwa. Waya wa kihisi hiki si kama waya wa taa. Umeme wake ni mdogo mno, na hufunikwa kwa wavu wa shaba ili umeme wa plagi usiingilie. Baba aliunga uti wa ndani kwa risasi ya kulehemu, akaufunika, kisha akaunganisha na ule wavu, jambo ambalo wengi hulipuuza. Akalegeza boliti ya kihisi na kuikaza upya kwa spana ya kipimo, akieleza kwamba ikilegea sikio halisikii na ikizidi linasikia vibaya. Mwisho akaniambia nishike mita, akagonga bloku kwa nyundo ndogo. Tarakimu zikaruka. Akatabasamu. Taa haikuwaka tena.

Kwenye ripoti yangu ilinibidi nipendekeze istilahi. Tukisema "kihisi mgongo" tutakuwa tumewapeleka madereva kwa daktari wa uti. Nikaandika "kihisi-mgoto", kwa kuwa mgoto ni mlio wa vitu vinavyogongana, na chini yake nikaandika neno la Baba, "sikio". Mhadhiri aliweka alama ya vyema kwenye la kwanza. Kando ya la pili aliandika kwa wino mwekundu: Si istilahi, ni sitiari. Nilimheshimu, nami namheshimu mpaka leo, lakini nilijiuliza kifaru cha vita kilizaliwa kuwa istilahi lini, na meno ya gia yaling'olewa katika kinywa gani.

Desemba ya mwaka huohuo tulikwenda Mombasa harusini kwa Probox ileile, Mjomba kwenye usukani, Baba kando yake, Mama na mimi nyuma. Siku ya kurudi Mjomba alijaza petroli mahali palipokuwa na bei iliyopendeza kuliko kwingine. Miaka hiyo mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli, na wenye tamaa waliyachanganya; ilikuwa mpaka Septemba 2018 ndipo serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuiondolea hila hiyo faida yake. Mafuta ya taa hujilipua upesi yakikandamizwa. Tena Mombasa iko kando ya bahari, na hewa yake ni nzito. Kwetu Nairobi, karibu mita 1,700 juu, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 tu ya ule wa pwani, na injini hujazwa hewa pungufu. Gari linaloficha uovu wake Umoja huweza kuutangaza pwani.

Lilitangaza kwenye kilima cha Mazeras. Tulikuwa watu wanne na mizigo, jua limewaka, Mjomba amekanyaga hadi chini. Nilizisikia mara moja, ingawa sikuwa nimewahi kuzisikia kabla: kokoto ndani ya mkebe. Hakuna taa iliyowaka. Sikio la injini lilikuwa zima na lilikuwa likifanya kazi yake, likichelewesha cheche mpaka likaishiwa na pa kurudi nyuma. Na kwa kuwa lilikuwa zima, halikuwa na msimbo wa kuandika. Mjomba alimtazama Baba. Baba alikuwa akitazama minazi.

"Shemeji," Mjomba alisema, "unasemaje?"

"Gari iko sawa," Baba alisema.

Kokoto zililia tena. Mama akageuza uso dirishani. Sijui alikuwa amejua kwa muda gani.

"Shemeji, kwani husikii?"

Baba hakujibu. Aliweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha hapo mpaka tukapita kona mbili. Kisha akageuka nyuma, akanitazama mdomoni kama alivyonitazama Jumamosi ile.

"Inasemaje, mama?"

Nilimweleza. Aliniuliza kama zalia Mjomba akikanyaga au akiachilia. Nikasema akikanyaga. Akauliza kama ni nzito au nyembamba, kama zinafuatana au zinatawanyika. Nilikuwa na mihadhara miwili ya tanakali za sauti kichwani na sikupata hata moja ya kumfaa. Nilimwigia kwa ulimi na meno, kama mtoto. Alitikisa kichwa taratibu. "Ni mafuta," alimwambia Mjomba. "Panda na gia ndogo, usikanyage. Tukifika Mariakani tujazie petroli nzuri juu yake." Tulifanya hivyo, na kabla ya Voi injini ilikuwa imetulia.

Mwaka wa 2019 nilifaulu kumpeleka kupimwa. Mstari wa chati yake ulienda sawa kwa sauti nzito, kisha ukaporomoka kuanzia mitetemo 3,000 kwa sekunde. Daktari alisema ndivyo kelele za kazini zilivyo: huanza kuua masikio kati ya 3,000 na 6,000, na kuyaacha mengine yakiwa mazima. Kanuni za kelele kazini zilizotolewa nchini mwaka 2005 ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8, lakini jirani za Baba wamefua mabati kwa nyundo kutoka asubuhi hadi jioni tangu kabla sijazaliwa, na sijamwona mtu aliyekuja na kipimo. Niliitazama ile chati nikaona kwamba ulikuwa umechukuliwa hasa ule upande ambamo kokoto hulia. Ndipo pia nilipoelewa kwa nini Mama akisema amefika Baba husikia ameshika. Vikwamizo vyetu, /s/ na /f/ na /ʃ/, huishi juu huko. Nilikuwa nimepata alama ya juu katika somo la fonetiki, na miaka yote hiyo nilidhani Baba hanisikilizi.

Hakuacha kazi. Siku hizi, nikiwa nasomea uzamili na kuishi bado Umoja, Jumamosi hupita Light Industries baada ya kutoka maktaba. Mteja akiwa na gari linalolalamika, kijana wa Baba huchomeka mashine ndogo na kumsomea misimbo, naye huiandika kwenye kipande cha boksi. Kisha Baba huchukua ile bisibisi ndefu, huifuta mpini kwa kitambaa safi, huweka ncha yake mwenyewe kwenye bloku, mahali anapopajua, na kunipa mpini. Naweka sikio. Yeye husimama mbele yangu, mahali atakapoweza kuuona mdomo wangu, na kungoja.